Kizimba cha Kamba ya Buluu

Kwenye gati la Wallabin kuna meza ya bati ya kuparia samaki, na kila Pasaka Noelene Cudmore huipita akiwa ameziba pua. Si uvundo peke yake unaomkera. Ni wale wanaume wazima, wenye nyumba zao na sabuni zao, wanaosimama pale wakipasua matumbo, wakiwatupia ndege mwari utumbo mbele ya watoto wanaokula aiskrimu, kisha mikono ileile wanaifuta kwenye kaptura na kunyakulia soseji. Yeye hatoki nyumbani bila leso na kichupa cha dawa ya mikono, nao humcheka. "Haya, Waziri wa Afya anapita! Ficheni kucha!" Humwambia hivyo kila mwaka, na kila mwaka huwasonya.

Alikuwa na miaka sitini na sita, na thelathini na minane kati ya hiyo aliipitisha akiwa mke wa mvuvi wa kujifurahisha, yaani mtu anayeamka saa kumi alfajiri siku ya mapumziko, kwa hiari yake, kwenda kulowa. Ukimpenda mtu utalipenda na shombo lake; ndivyo alivyojifariji. Mumewe, Athol, alinuka mkizi aliyevunda kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, lakini hakuwahi kumdanganya mtu. Siku ya mazishi yake, miaka minne nyuma, Noelene alisimama mbele ya watu akasema, "Mume wangu alikuwa mchafu wa mikono, msafi wa roho." Hata wale walevi wa klabu ya wavuvi walilia.

Na walikuwa na haki ya kumlilia, maana kabla ya Athol hali ilikuwa ya kutapisha. Kwenye mlango wa mto ule huishi kichwabapa, samaki wa rangi ya mchanga mwenye kichwa kilichopondeka kana kwamba amekanyagwa, ambaye hujifukia chini akabakiza macho tu. Wale wakubwa wote ni majike, na matumbo yao yamejaa mayai. Zamani, kwenye mashindano ya Pasaka, klabu ilikuwa ikiwatundika kwenye kulabu, ikiwapima uzito, ikiwapiga picha, kisha ikiwatupa kwenye mapipa nyuma ya jiko, kwa sababu kula kikongwe wa namna ile ni kama kutafuna gunia. Ikifika Jumanne ya Pasaka mtaa mzima ulikuwa ukinuka maiti.

Athol ndiye aliyesimama mkutanoni akasema basi. Kuanzia sasa, alisema, samaki atalazwa kwenye mkeka uliolowanishwa wenye mistari ya sentimita, atapigwa picha pamoja na kadi ya rangi ya siku hiyo, na atarudishwa majini akiwa hai. Rangi ya kadi haijulikani mpaka asubuhi yenyewe, ili mtu asije na picha ya mwaka juzi. Siku tatu, samaki mmoja kila siku, urefu wao unajumlishwa. Na kila anayemrudisha samaki sharti apaze sauti: "Rudi nyumbani, mama!"

Walimcheka mpaka wakashika mbavu. Wakasema mashindano hayo yatakufa mwaka huohuo, nani atavua majike wa maana siku tatu mfululizo? Basi mwaka huo wa kwanza Athol mwenyewe akaleta picha tatu, za siku tatu, na kila samaki alikaribia mita nzima. Wabishi wakafyata mkia. Mizani ikauzwa kama chuma chakavu. Jumla ile haijafikiwa na mtu hadi leo, na picha zenyewe zimetundikwa kwenye ukumbi wa klabu, juu ya kombe ambalo sasa lina jina lake. Noelene huzifuta vumbi kila Alhamisi.

Alipofariki, kazi ya kuhakiki picha za washindani ilimwangukia mjane. Mtu anayeinua uma wa mgahawani kwenye mwanga kabla ya kula, nani angefaa zaidi?

Jumatatu ya Pasaka asubuhi aliketi jikoni kwake na chai na mkate wa kuchoma, akafungua kompyuta. Matokeo yalitakiwa saa sita mchana. Aliyekuwa akiongoza alikuwa Des, mdogo wake Athol, fundi bomba mstaafu, ambaye hajawahi kushinda kitu chochote maishani isipokuwa ubishi. Des alikuwa na samaki watatu wa sentimita tisini na ushei kila mmoja. Aliyemfuata kwa mbali alikuwa Thuy Lam, mwenye duka la mikate, ambaye hana hata boti. Thuy huvulia ukingoni, amezama topeni hadi magotini, na kisamaki chake cha plastiki: anakirusha, anakiacha kizame hadi chini, anakirusharusha mara mbili, anakiacha kianguke tena. Kichwabapa hukipiga kinapoanguka. Amefanya hivyo Pasaka tano, na Pasaka zote tano Des amemwuliza kama kisamaki hicho amekitoa kwenye keki ya mtoto.

Noelene alifurahi kwa ajili ya shemeji yake. Tuseme ukweli, alifurahi. Kwa miaka minne mtu huyo alikuwa amemkatia majani, amembadilishia bomba la sinki, amekula naye chakula cha Krismasi akiwa amevaa kofia ya karatasi. Kombe la kaka likienda kwa mdogo mtu, nani angenuna?

Kazi ya mpimaji ni kutazama ncha mbili tu, pua na mkia. Kilichoko katikati ni samaki, naye hamhusu. Lakini alipofungua picha ya Jumapili, mkate ulimkwama. Kidevu cha samaki yule kilikuwa kimechubuka hadi nyama nyekundu. Mapezi yalikuwa yamechanikachanika. Kandokando ya jicho moja kulikuwa na utando mweupe wa manyoya, kama kuvu kwenye mkate uliosahauliwa kabatini. Noelene akasukuma sahani kando. Kisha akaikuza picha, kwa kuwa kinyaa nacho kina uroho wake: unakataa kutazama kidonda, halafu unatazama.

Ndipo akaona mkia. Kila kichwabapa ana madoa meusi mkiani, lakini doa la huyu lilikuwa na umbo la buti, lenye kisigino kabisa, na chini yake ukingo wa pezi ulikuwa umemegeka.

Akafungua picha ya Jumamosi. Buti, kisigino, palipomegeka. Kidevu kilikuwa kimeanza tu kuchubuka.

Akafungua ya Ijumaa. Buti lilelile, kwenye samaki mzima, mnene, anayeng'aa.

"Ee Mungu wangu," Noelene alisema peke yake jikoni. "Ni mmoja."

Alijua papo hapo imefanyikaje, maana si jambo la hesabu ngumu. Mtu amevua samaki mmoja mkubwa, hakumrudisha, amemficha mahali akiwa hai, na kila asubuhi anachukua kadi mpya, anamtoa, anamlaza mkekani, anampiga picha, anamfungia tena. Na amepiga kelele "rudi nyumbani, mama" boti za jirani zikisikia. Noelene alikwenda kumwaga chai kwenye sinki alilotengenezewa na mtu huyohuyo, akahisi hata chai ina shombo.

Hakumpigia simu. Alichukua gari akaenda kwa Des, kilomita nne juu ya mto, akijua kwamba saa zile yuko klabuni anachoma soseji za watu. Maji yalikuwa yamekupwa. Gati dogo la Des lilisimama juu ya nguzo zilizoota chaza, na chini yake tope jeusi lilikuwa likitoa mapovu yenye harufu ya yai viza. Kwenye nguzo ya mwisho, pale palipobaki maji ya kufika mapajani, kamba ilikuwa imefungwa.

Mwanamke ambaye hakanyagi nyasi zenye umande alivua viatu, akakunja suruali, akaingia. Tope lilimfyonza miguu. Kitu laini kilipita kati ya vidole vyake akapiga ukelele, akajitukana, akaendelea. Aliivuta kamba, na kikaja kizimba kirefu cha wavu.

Kabla hajamwona samaki aliyaona mafundo. Kamba ya buluu, fundo maradufu, ncha zimechomwa moto zisifumuke. Yalikuwa ya mkono wake. Athol alimwomba zamani amfungie kizimba cha kaa, naye aliketi barazani jioni mbili akakifunga kwa kamba aliyonunua ya kuanikia nguo. "Kifanye kirefu, mita na kidogo," Athol alimwambia. "Kaa gani huyo wa mita?" aliuliza. "Kaa wa huku ni majitu, mpenzi." Akacheka, naye akacheka. Hakuwahi kuleta kaa hata mmoja, na Noelene alikuwa akimwonea huruma kwa bahati yake mbaya.

Kwa hiyo mwizi huyu, aliwaza, aliingia kwenye banda la marehemu, akaiba kizimba cha marehemu, afanyie uchafu kwenye kombe la marehemu. Akakivuta karibu.

Samaki alikuwa amelala ubavu. Chawa wa baharini walikuwa wamejazana kwenye jicho lile la kuvu, wakila taratibu, bila haraka, kama wageni waliokaribishwa. Noelene alifungua mlango wa kizimba, akaingiza mikono yote miwili kwenye ute ule, akamtoa, akamshika kama Athol alivyomfundisha, kichwa kikielekea mkondo, akimsogeza mbele na nyuma ili maji yapite kwenye mashavu. Tumbo lilikuwa zito, gumu kwa mayai. Alimsogeza hivyo kwa dakika ishirini, mgongo ukimwuma, huku akisema, "Twende, twende, mama, twende basi." Mashavu yalifunguka mara mbili. Kisha hayakufunguka tena. Mayai yalianza kumtoka yenyewe, manjano, yakamshika Noelene kwenye vidole.

Alimfunga kwa taulo iliyolowa, akamweka kwenye kasha la barafu ndani ya gari, na kizimba akakitupa juu yake. Alinawa dawa ya mikono mara tatu. Harufu ilikaa palepale.

Nyuma ya jiko la klabu Des alikuwa amevaa aproni yenye picha ya kamba wa baharini, akigeuza vitunguu kwenye bati la moto.

"Shemeji! Njoo upate moja kabla walafi hawajaamka."

"Nimetoka kwako."

"Kwangu? Si ungenipigia nikuachie ufunguo."

"Sikuhitaji ufunguo. Niliishia gatini."

Koleo lilisimama hewani na soseji yake. Des alimtazama miguu, akaona tope. Hakuuliza ameona nini.

"Yu hai?" aliuliza.

"Amekufa, Des. Amekufa mikononi mwangu na mayai yake."

"Aa. Nilikuwa nimwachie leo usiku, watu wakishalala. Maji yalipata joto sana jana." Alisema hivyo kama mtu aliyeambiwa ua lake limenyauka. "Basi bahati mbaya."

"Huna haya wewe! Huna hata chembe! Kila siku unapiga yowe 'rudi nyumbani mama,' halafu mama mwenyewe umemtia jela, unamtoa asubuhi kumpiga picha kama mfungwa! Tena kwa kizimba cha Athol! Umekwenda kuiba kizimba cha kaa cha marehemu, nilichokifunga mimi kwa mikono hii—"

"Shem, punguza sauti."

"Sipunguzi!"

"Hizo hasira za mkizi, zitakutia mwenyewe chomboni." Des aliweka koleo chini. Alijifuta mikono kwenye aproni polepole, na Noelene alimchukia hata kwa kujifuta kule. "Kizimba cha kaa? Hivi Athol alikuwa akila kaa?"

Noelene akakumbuka. Athol hakuwa akila kaa. Alionja mara moja kwenye harusi yao, akavimba midomo hadi wakampeleka hospitali akiwa na suti yake. Kwa miaka thelathini na minane hakuna gamba la kaa lililoingia nyumbani mwao.

"Alikuwa akinivulia mimi," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Alikuletea?"

Vitunguu vilianza kuungua. Des aliviacha.

"Mwaka ule wa kwanza," alisema, "Athol alipata samaki Ijumaa, jitu kwelikweli, akambakiza kwenye tangi la boti. Jumamosi tukakesha majini hatukupata hata kitoto. Akaniambia, Des, mwaka huu lazima ufane, la sivyo kesho kutwa wanarudi kwenye kulabu. Akasema tutamfungia huyuhuyu siku mbili tu, kwa faida ya wenzake wote. Kizimba anacho tayari, alijiandaa zamani. Mimi ndiye nilishika kamera, shem. Unadhani nilijifunza wapi?"

"Mwongo."

"Haya. Nenda katazame."

"Mwongo mkubwa wewe!"

"Nenda katazame, nimekwambia. Halafu ukirudi tuongee kama watu wazima." Alisogea karibu, na pumzi yake ilikuwa ya bia na kitunguu. "Mimi najitoa. Nitamwambia mwenyekiti Lindsay mkeka wangu ulikuwa mkavu, sheria imenikamata. Thuy atapata kombe lake, atalia kidogo, tutakula soseji. Hakuna aliyedhulumiwa. Nawe unyamaze, kaka yangu alale pema. Ukinisema mimi, shem, nitasema yote. Chagua mwenyewe."

Ukumbini viti vilikuwa vikipangwa. Noelene alipita moja kwa moja hadi ukutani, akavaa miwani. Picha tatu, kadi tatu: ya manjano, nyekundu, nyeupe. Athol mwenye ndevu ambazo bado hazijaota mvi, anacheka na meno yote. Kila Alhamisi kwa miaka minne Noelene ameufuta uso huo kwa kitambaa laini, na siku nyingine ameuongelesha. Alikuwa akimtazama mume, hakumtazama samaki.

Sasa alimtazama. Madoa mawili mkiani yaliyogusana, kama miwani. Kwenye kadi nyekundu, miwani. Kwenye kadi nyeupe, miwani, na kidevu chekundu kilichochubuka kwenye wavu. Kwenye wavu wake yeye.

Akavua miwani yake. Mchafu wa mikono, msafi wa roho. Aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, mbele ya jeneza.

"Noelene, mama, upo sawa?" Ni Lindsay, mwenyekiti, mwanamume mpole mwenye tumbo lililomtangulia kila aendako. "Umekuwa mweupe. Kaa, kaa hapa. Tunaanza."

Alikaa. Thuy alikuwa safu ya mbele, nywele zimechanwa, blauzi safi, mikono juu ya magoti. Watu themanini waliingia na bia zao na harufu zao. Noelene aliwaza: ninyamaze. Thuy atapata haki yake. Des atakosa. Samaki amekwisha kufa, na yule wa miwani alikufa zamani, na sheria ya Athol ni nzuri, imeokoa mama wengi kuliko wawili. Nani atafaidika nikimfukua maiti? Alikuwa amekwisha kukubali. Alikuwa hata ameanza kuupanga uso wake.

Lindsay akapiga glasi kwa kijiko.

"Jamani, kabla ya yote. Des amenijia sasa hivi, na sijawahi kuona kitu kama hiki. Mtu huyu anaongoza, mnajua, anaongoza kwa mbali! Lakini amekuja mwenyewe, hakuna aliyemshika, kuniambia kwamba alisahau kulowanisha mkeka wake, na kwamba samaki anastahili heshima zaidi. Amejiondoa." Akainua glasi yake kuelekea mlangoni. "Huyo ndiye muungwana! Huyo ndiye ndugu wa Athol Cudmore!"

Ukumbi ulilipuka. Walipiga makofi, wakapiga miluzi, wakagonga meza. "Damu ya Athol hiyo!" mtu alipiga kelele. Des alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake, ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu, na, lo, jicho lake moja lilikuwa limelengwa na chozi. La kweli kabisa. Thuy naye aligeuka kwenye kiti chake kumpigia makofi.

Hapo ndipo Noelene aliposhindwa. Uongo angeumeza, alikuwa amekwisha kuutia mdomoni. Makofi hayakumezeka. La kuvunda halina ubani, na hawa walikuwa wakiufukiza kwa mikono yao yote, na jina la mumewe ndilo lililokuwa chetezo.

Alitoka hadi kwenye gari. Alirudi amekumbatia kasha la barafu, maji yakimtiririka kwenye suruali, akapita kati ya viti. "Haya, Waziri wa Afya kaleta bia!" mtu alitania, na wachache wakacheka. Mezani, kando ya kombe, mkeka wa kupimia ulikuwa umetandazwa kwa mapambo. Noelene alifungua taulo akamlaza samaki juu yake. Uvundo ulisambaa mara moja. Safu ya mbele walirudi nyuma na viti vyao.

"Tisini na moja," alisema. "Huyu ndiye samaki wa Des wa Ijumaa. Na wa Jumamosi. Na wa Jumapili. Ana doa la buti mkiani. Picha ninazo, njooni mtazame. Amekufa asubuhi hii mikononi mwangu, nikimtoa kizimbani, chini ya gati la huyo muungwana wenu."

"Shemeji," Des aliita kutoka mlangoni, na sasa sauti haikuwa na mzaha. "Usifanye hivyo. Nakuomba. Si kwa ajili yangu."

Noelene alimsikia. Alijua hilo lilikuwa neno la kweli pekee alilolisema mtu huyo siku nzima.

"Na mkimaliza kutazama mkia huu," aliendelea, "inukeni mtazame na ule wa ukutani. Picha zote tatu. Tazameni samaki, msimtazame Athol. Ni mmoja pia. Kizimba ni kilekile. Mimi ndiye niliyekifunga."

Vichwa viligeuka ukutani. Wa kwanza kusema alikuwa Lindsay, uso umemshuka.

"Noelene. Mama. Marehemu hasemwi vibaya."

"Basi tumtoe ukutani. Tusimseme wala tusimfute vumbi."

Akazitoa picha mwenyewe. Misumari ilikuwa imeshika kutu, na picha ya tatu ilishuka na kipande cha rangi ya ukuta. Hakuna aliyemsaidia. Mzee mmoja wa safu ya nyuma, aliyebeba jeneza la Athol begani, alisimama akasema, "Mke gani wewe? Aibu!" akatema mate kwenye glasi yake, akatoka. Wengine kumi walimfuata. Mtu alifungua madirisha. Wengine walijisogeza mezani, wakainama, wakainuka, wakajifanya wanatafuta funguo zao mifukoni.

Thuy alikuja mwisho. Hakulitazama kombe. Aligusa tumbo la samaki kwa kidole.

"Alikuwa na mayai?"

"Alikuwa nayo."

"Na mimi nimempigia makofi yule," Thuy alisema. Alifuta kidole chake kwenye blauzi ile safi, kwa nguvu, mara nyingi. "Hili kombe lenye jina hili, dada, silitaki nyumbani kwangu. Mkilibadili jina, niiteni."

Noelene alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Alioga. Alijisugua kwa brashi ya kucha mpaka ngozi ikawa nyekundu, akanusa vidole, akaoga tena. Kisha alivaa nguo za kazi akakibeba kizimba hadi barazani, kwenye kiti kilekile, ili akifumue akitupe, kisije kikapata mvuvi mwingine mwenye nia njema.

Alianza kwa kucha. Akajaribu kwa uma. Miaka ya chumvi na tope na majike wawili waliojipigapiga humo hadi kufa, na mafundo yalikuwa yamekaza kama siku aliyoyafunga. Athol aliyasifu jioni ile, alikumbuka. Alimshika vidole akavibusu kimoja kimoja, akamwambia hakuna kitakachotoka humu.

Noelene alikwenda jikoni kuchukua kisu. Aliyakata yote, sitini na mawili, na hakuna hata moja lililokuwa limelegea.